Mwalimu Anselmi Amsaka Kipusa

Mwalimu Anselmi alikwenda Mikumi akiwa mwalimu wa Jiografia kama wengine, akarudi Kilosa akiwa mlinzi wa mtandao. Semina yenyewe ilikuwa fupi, katika ukumbi wa nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, ambako malori yalipita kwa kishindo na kumkatiza mwezeshaji kila alipokaribia jambo la maana. Hata hivyo Anselmi hakupoteza neno. Aliambiwa kwamba shule yenye intaneti ni nyumba yenye milango mingi, na kwamba mwizi wa siku hizi haji na nondo. Aliambiwa ahifadhi nakala ya kila kitu huko mtandaoni, maana simu hupotea na kompyuta huungua. Siku ya mwisho wakatembezwa kidogo hifadhini, naye akawarekodi tembo kwa simu yake mpya, kundi zima pamoja na watoto wao, mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Waliomjua hawakushangaa kwamba kati ya walimu wote ni yeye aliyeitia semina ile moyoni. Alikuwa mtu wa kufuli tangu zamani. Baiskeli yake ilikuwa na kufuli mbele na kufuli nyuma. Chaki zake alizifungia kabatini, ingawa pale Sekondari ya Mtoni Kati hakuna aliyewahi kusikia habari za mwizi wa chaki. Babu yake alikuja Kimamba enzi za mashamba ya mkonge, akaishi kambini chumba kimoja na watu asiowajua, na inasemekana alilalia viatu vyake hadi anastaafu.

"Ni damu," mkewe Magdalena alipenda kusema. "Ukoo wao wote wanalalia viatu."

Madam Yusrah, mkuu wa shule, alifurahi kupata mtu wa kumkabidhi chumba cha kompyuta. Kabla ya hapo intaneti ya shule ilikuwa mali ya kila mtu. Nywila ilikuwa jina la shule na mwaka ilipofunguliwa, imeandikwa kwa chaki juu ya ubao, na hata muuza vitumbua wa getini aliijua. Anselmi alianza kazi kwa kuifuta. Kisha akatunga mpya, yenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama ya mshangao, ndani yake mna milima ya Rubeho, kina cha ziwa fulani na jina la mto lililoandikwa kinyumenyume. Alimwita kila mwalimu pembeni, mmoja mmoja, akamnong'oneza sikioni kama kungwi anayemfunda mwali.

"Mwalimu," alisema Yassin, kijana wa Hisabati aliyehamia kutoka Dar, "hii ni nywila au ni ubeti? Mbona noma hivi?"

"Ndiyo maana yake. Wewe ikikushinda, mwizi je?"

"Mwizi ataiweza. Yeye ana muda."

Hata mlinzi, mzee Hussein, hakuachwa nyuma. Alipoelezwa kwamba sasa kompyuta za shule zimewekewa ukuta wa moto, alisimama, akatazama paa la jengo, akauliza kwa adabu zote kama moto huo umewashwa upande gani, maana jioni upepo hutoka mtoni. Anselmi akamweleza kwamba ni lugha tu ya kinga ya mtandao. Mzee Hussein akaitikia kwa kichwa, lakini kesho yake ndoo ya mchanga ilionekana mlangoni pa chumba cha kompyuta, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Badala ya mtandao kuwa mwepesi, ukawa mzito kuliko enzi za nywila ya ubaoni. Mwanafunzi akifungua ukurasa, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka kengele ya kipindi inagongwa. Walimu waliokuwa wakipakia alama za mtihani walianza kubeba bando zao wenyewe. Jambo hili lisingekuwa kubwa sana, kama si shindano. Mtoni Kati ilikuwa imekubaliana na sekondari moja ya Mikumi kushindana maswali ya sayansi kwa njia ya video, kila timu ikiwa shuleni kwake, na wazazi walikwishaalikwa kuja kutazama kwenye ukuta wa bwalo.

"Mwalimu Anselmi," alisema Madam Yusrah, "nilikupa mtandao unatembea. Sasa umekaa chini. Kulikoni?"

"Nipe nafasi, Madam. Nahisi tumeingiliwa."

Alijifungia chumbani, akafungua ukurasa wa ruta, kisanduku kinachogawa intaneti, kama alivyofundishwa, akaona vifaa vyote vilivyokuwa vimeunganishwa wakati ule. Kompyuta za shule zilikuwepo, zimepewa namba zao. Simu za walimu zilikuwepo, nyingi zikiwa na majina ya kiwandani. Na katikati yao, kimetulia kama mgeni aliyekaribishwa, kulikuwa na kifaa kinachoitwa Kipusa. Kipusa peke yake alikuwa anakula mtandao kuliko kompyuta zote zikijumlishwa.

Anselmi alisema baadaye kwamba hakuogopa. Alifurahi. Mtu hufunga kufuli maisha yake yote akichekwa, na siku anapomsikia mwizi kweli akitikisa mlango, moyo humwambia: waone sasa.

Asubuhi iliyofuata alipanda jukwaani mstarini, shule nzima ikiwa imesimama kwa madarasa.

"Yupo mtu hapa," alisema, "anayejiita Kipusa."

Mistari ya wasichana ikaanza kuguna, ya wavulana ikaanza kugeuka kuitazama ya wasichana.

"Nyamaza! Kipusa, popote ulipo, tunakujua. Tunajua unaingia saa ngapi na unatoka saa ngapi. Jisalimishe mwenyewe."

Hakuna aliyejisalimisha. Walichopata wanafunzi ni jina zuri la utani, na hadi mapumziko ya chai kila msichana aliyepita dirishani aliitwa Kipusa, na mpishi naye, mama wa makamo, aliitwa na hakukasirika hata kidogo.

Angeishia hapo ingekuwa kichekesho. Lakini msako hutaka mtu wa kukamatwa, na Anselmi akampata Goodhope.

Goodhope alikuwa kidato cha tatu, binti wa wakulima wa mpunga wa Tindiga, amepanga chumba mjini pamoja na wenzake wawili kwa sababu kwao ni mbali. Alikuwa nahodha wa timu ya shindano, na hakuna aliyebisha, maana Fizikia aliila kama ugali. Kosa lake lilikuwa moja. Kipindi cha kompyuta alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, samahani, hiyo ruta inajuaje majina ya simu? Naomba tuone."

Katika semina Anselmi alikuwa ameambiwa kwamba mdukuzi hupenda kujua walinzi wanajua nini. Akamwita nje.

"Kwa nini unataka kuona?"

"Nataka tu kujua, mwalimu."

"Kipusa ni nani?"

"Sijui, mwalimu. Mimi sina hata simu."

"Hata Kipusa angesema hivyohivyo."

Kwa hoja hiyo, ambayo hakuna mtu duniani angeweza kuijibu, Goodhope akazuiwa kuingia chumba cha kompyuta na akaondolewa kwenye timu mpaka uchunguzi ukamilike. Hakulia wala hakubishana. Alisema, "Sawa, mwalimu," akarudi darasani, na kuanzia siku hiyo wenzake walipokwenda mazoezini yeye alibaki kibarazani na kitabu kilichofunguliwa ukurasa uleule. Yassin alijaribu kumtetea katika ofisi ya walimu. Anselmi akamjibu kwamba huruma ndiyo mlango wa kwanza wa wadukuzi, na Yassin akaamua kusahihisha madaftari yake.

Nyumbani, Magdalena alikuwa akichambua mchele uani mumewe alipomsimulia.

"Umesema anaitwa nani?" aliuliza, ungo ukasimama mikononi.

"Kipusa."

"Kipusa."

"Jina la kihuni kabisa. Nikimtia mkononi, nitamkomesha."

Magdalena aliinama haraka kutafuta chuya. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

"Na ukimpata, Baba Natalia, utamtambua?"

"Mama Natalia, mimi? Kwa harufu tu!"

"Haya," alisema mkewe. "Mtafute basi. Hata mimi ningependa umpate."

Akamtafuta. Aligundua jambo la kutisha: Kipusa haingii shuleni kabla yeye Anselmi hajaingia. Siku aliyochelewa kwa sababu ya pancha, Kipusa naye alichelewa. Siku aliyokwenda Kimamba msibani, Kipusa hakuonekana kabisa, na mtandao siku hiyo, Madam Yusrah alisema kwa furaha, ulikuwa unakimbia kama zamani.

"Ananisoma," Anselmi alimweleza mzee Hussein. "Ananisubiri nifike ndipo aanze, ili nionekane sijui kazi. Sasa nisaidie. Kila nikiingia getini, tazama ni nani anayeingia nyuma yangu."

Mzee Hussein alitazama kwa uaminifu siku kadhaa.

"Mwalimu," alitoa taarifa, "nyuma yako huingia mbuzi wa jirani. Leo walikuwa na beberu."

Siku ya majaribio ya shindano ikafika. Bwalo lilijaa wanafunzi na walimu, pazia limeshushwa, projekta inaunguruma. Ukutani akatokea Mwalimu Joyce wa Mikumi, mwanamama mchangamfu aliyevaa kilemba cha rangi ya machungwa. Akasema, "Hamjambo, Kilo..." na hapo akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akabaki hivyo. Wanafunzi wakaanza kucheka, Madam Yusrah akafunga macho.

Anselmi alisimama. Huu ndio wakati aliokuwa ameungoja. Akaufungua ukurasa wa ruta palepale, kando ya uso wa Mwalimu Joyce, kila mtu aone, na kweli, Kipusa huyo, anakula kwa vijiko viwili.

"Mnamwona?" alisema. "Yumo humu ndani. Mwizi ana siku zake arobaini, na za huyu zimetimia leo."

Akabonyeza. Zuia. Jina la Kipusa likageuka jekundu, na ukutani Mwalimu Joyce akafumba mdomo, akafumbua, akamalizia: "...sa! Mnanisikia?"

Bwalo lililipuka kwa makofi. Hata Yassin alipiga. Anselmi aliinua mkono kama mtu aliyefunga goli la dakika za mwisho, na Madam Yusrah, akiwa amefurahi kupita kiasi, akamwambia, "Mwalimu, hebu piga picha hii uitume kwenye kundi la wazazi sasa hivi, wajue tuko tayari."

Akatoa simu, akapiga picha, akatuma. Picha haikwenda. Akainua simu juu. Akasogea karibu na ruta.

"Ajabu. Simu yangu imekataa mtandao."

Yassin aliacha kupiga makofi. Alitazama simu, akatazama ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, samahani. Hebu mfungulie Kipusa kidogo."

"Nimfungulie mwizi?"

"Kidogo tu."

Anselmi akabonyeza. Simu mkononi mwake ikalia ting! na picha ikaondoka. Ukutani Mwalimu Joyce akaganda, safari hii akiwa anajikuna pua. Yassin akamwomba azuie tena. Mwalimu Joyce akaendelea kujikuna, simu ikazima mtandao. Afungue: akaganda. Azuie: akajikuna. Bwaloni projekta ikasikika kama mashine ya kukoboa. Kisha mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, huko nyuma, akashindwa kujizuia, na shule nzima ikamfuata.

"Jamani Kilosa," aliuliza Mwalimu Joyce kutoka ukutani, "mnacheka nini? Nina kitu usoni?"

Yassin ndiye aliyefungua mipangilio ya simu, na ilikuwepo, imeandikwa wazi: jina la kifaa, Kipusa. Chini yake kulikuwa na foleni ya video zilizokuwa zikipandishwa mtandaoni kuhifadhiwa. Walikuwa tembo wa Mikumi. Anselmi alikuwa ameiamuru simu itunze nakala ya kila kitu, na simu ilitii. Kila alipoingia getini ilianza kuwapandisha wale tembo kupitia mtandao mwembamba wa shule, ikikatika inaanza upya, kundi zima pamoja na watoto wao.

"Tunaweza kusema simu ilidukuliwa," Yassin alimnong'oneza walipobaki wawili. Alikuwa kijana mwenye huruma. "Nani atajua?"

Anselmi akachukua baiskeli yake akaondoka. Si kwamba wazo halikumpendeza. Lilimpendeza sana, na alilibeba mpaka nyumbani, akisukuma baiskeli aliyosahau kuipanda.

Magdalena alikuwa mlangoni. Habari za Kilosa hazihitaji intaneti.

"Umempata?"

"Nani aliandika jina lile kwenye simu yangu?"

"Mimi. Si ulinipa nikuwashie, ukasema hayo mambo ya kuulizwa jina nijaze lolote? Nikajaza jina langu."

Akamtazama bila kuelewa.

"Baba Natalia. Pale stesheni, nikiuza machungwa, wewe umetoka chuoni na suruali moja. Uliniita nani?"

Ikamjia polepole, kama treni ya mizigo. Aliketi kwenye kigoda.

"Kipusa," alisema.

"Tangu Natalia azaliwe hujaniita. Nikasema basi, angalau simu yake itaniita. Kumbe imekuja kunitangazia kesi mbele ya shule nzima, kwamba nikipatikana nitakomeshwa."

"Na ulijua siku zote hizi! Ungeniambia."

"Nilitaka nione utakumbuka lini." Kisha kicheko kikafutika usoni mwake. "Lakini yule mtoto wa Tindiga sikumjua. Hukuniambia kwamba umemfungia mtoto wa watu. Ningejua, ningesema siku ileile."

Wala hakuwa amemwambia, ni kweli. Alikuwa amemsimulia habari za mwizi tu, na akaruka habari za mtoto, kana kwamba moyo ulijua mapema ni sehemu ipi ya hadithi haipendezi.

Asubuhi alimwomba Madam Yusrah nafasi mstarini. Madam alimwambia si lazima, anaweza kumwita binti ofisini wakayamaliza. Anselmi alisema kwamba alimtangaza hadharani, basi hadharani ndiko atakakorudi. Akapanda jukwaani. Wanafunzi walikuwa wamejiandaa kucheka, na alipoanza kwa kusema, "Kipusa amepatikana, ni mimi," walicheka kweli, naye akawaacha wamalize.

"Goodhope," akasema walipotulia, "njoo mbele."

Binti akaja, ameinamisha macho.

"Ulisema huna simu. Nilikuwa na njia ya kujua kama ni kweli, sikuitumia, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Nimekukosea mbele ya wenzako. Naomba unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu kumwomba msamaha mwanafunzi mstarini ni jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kuliona, na wadogo walitazamana kuuliza kama inaruhusiwa.

"Nimekusamehe, mwalimu," alisema Goodhope. "Ila ile ruta bado sijaiona."

Siku hiyo aliiona. Anselmi alimwekea kiti, akamweleza yote aliyoyajua, na yakaisha mapema kuliko alivyotarajia, maana maswali ya Goodhope yalizidi majibu ya semina. Baadhi waliyatafuta pamoja. Mengine walikubali kwamba hawajui. Nywila ya milima ikafupishwa kidogo, walimu wakashukuru. Video zile akazihamishia kwenye diski ndogo, na mtandao ukarudi kutembea.

Shindano walishindwa. Mikumi waliwapita kwa swali moja la mwisho kuhusu umeme, na Goodhope alipinga jibu palepale, akisema swali lenyewe limeandikwa vibaya. Alipinga kwa heshima na hakulegeza hata neno, mpaka Mwalimu Joyce akacheka, akasema, "Huyo mlete huku tubishane naye ana kwa ana."

Kwa hiyo likizo ilipokaribia timu ikapanda basi la Coaster, wakapita njia ya kijiji cha Ulaya, vumbi likiingia madirishani, Anselmi akiwa msimamizi. Watoto wa Mikumi waliwapokea getini kwa kelele. Mvulana aliyeonekana jitu kwenye ukuta wa bwalo alikuwa mfupi kuliko wote, na Kilosa hawakuficha mshangao wao. Chai haijapoa, Goodhope alikuwa amekwishapata ubao na chaki, anachora saketi, mfupi yule anafuta na kuchora yake, anafuta tena, wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja. Mwalimu Joyce alimuuliza Anselmi nani kati yao yuko sahihi.

"Sijui, Madam," alisema Anselmi, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika soda za watoto. "Lakini hebu tusogee. Mimi naona vibaya kutoka hapa."